Jina la Kuandikia Mapenzi

Enzi za Mwingereza nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni Njombe, na nilikuwa na ugonjwa wa kuandika. Hadithi za maadili zilitoka kwenye jarida la kanisa kwa jina langu halisi, na mchungaji msimamizi wa shule alizisifu mpaka nikavimba kichwa. Lakini roho yangu ilikuwa kwenye hadithi za mapenzi. Hizo nilizituma gazetini Dar es Salaam, na mchungaji akijua tu, kazi imeota mbawa.

Basi nikahitaji jina la pili. Nikajiona mjanja kweli: nikachukua la marehemu babu mzaa baba, ambalo Njombe hapakuwa na aliyelijua. Nikamsahau mama. Kwetu Wabena mke halitaji jina la baba mkwe wake, na akilisikia hujifunika uso. Mama alikaa Makambako, ambako gazeti lilifika kwa basi la Iringa, watu wakakusanyika dukani kusomewa, na msomaji akaanza na jina la mwandishi. Mama alinitambua siku ile ile.

Nilipofika likizo alikuwa amenuna.

"Kamwene, mama," nikamsalimu.

"Kamwene. Haya niambie, mkwe wangu ameanza lini kubusu wasichana?"

Nilicheka hadi machozi. Yeye wala.

Hatujamaliza, mchungaji akapiga hodi, yuko safarini, gazeti mkononi. Alikuwa amenong'onezwa kuwa mwandishi ni wa ukoo wetu.

"Mama, huyu ni nani kwenu?" akauliza, akalisoma jina lote kwa sauti.

Mama akajifunika uso kwa kanga. "Mchungaji, hilo mimi silitaji. Ni la baba mkwe."

Mchungaji naye alikuwa Mbena. Aliona haya mpaka nikamwonea huruma. Akaomba radhi, akakataa hata chai. Nikamsindikiza barabarani nikijua sina kazi tena.

"Mwalimu," akasema, akilikunja gazeti, "huyo mwandishi ukimwona, mwambie atafute jina jingine, asimtese mama wa watu." Akalitia mfukoni. "Na yule binti wa kwenye hadithi, toleo lijalo asimwoze kwa yule mzee. Tutagombana."

Nilirudi ndani kwa furaha nusura niruke. Jina jipya alilichagua mama mwenyewe, na pale dukani alikuwa akilitamka kwa sauti kabla msomaji hajafungua gazeti.