Siku Ndege Iliponyamaza Juu ya Nakaloke

Harufu ya petroli hunirudisha Nakaloke, kijijini nilikokulia. Juzi, hapa Mafubira ninapopanga chumba kwa sasa, kijana wa bodaboda aliimwaga kidogo akijaza tangi, nami nikasimama kando ya barabara kama mtu aliyeitwa.

Nilikuwa msichana wa miaka minane hivi. Baba, Mkenya, aliendesha lori na hakukaa nyumbani. Mama alishinda sokoni Mbale. Kwetu tuliongea Kiswahili, lugha ambayo pale kijijini ilijulikana kuwa ya wanajeshi, basi watoto wa jirani wakanipa jina. "Afande, bunduki yako iko wapi?" Nikazoea kucheza peke yangu, kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa.

Huko ndiko nilikoisikia ndege ndogo ikikohoa kama mzee mwenye pumu, kisha kimya. Ilipita juu ya migomba bila sauti, ikagusa chini, ikaruka kama panzi, ikavunjika gurudumu na kulala ubavu. Watu wakaja mbio wakishangaa. Ndipo rubani akapaza sauti kutoka ndani, kwa Kiswahili: "Njooni hapa! Haraka!"

Wote wakageuka. Kufumba na kufumbua wamezama kwenye mihogo.

Nikabaki mimi. Mguu wa rubani ulikuwa umebanwa chini ya kiti, na petroli ilitiririka.

"We toto, mbona wamekimbia?"

"Wanadhani wewe ni afande."

"Afande gani na kaptula hii? Waite, nitaungua!"

Niliwaita kwa Kigisu, lugha yao, hadi koo likakauka. Alikuja mmoja tu, Mama Nambozo, jirani yetu mjane, akitoka kulima. Aliinua kiti kwa mpini wa jembe, tukamvuta rubani hadi kwenye nyasi. Moto haukuwaka. Rubani alimshukuru sana. Mama Nambozo akaokota jembe lake, akampa mgongo na kwenda zake. Nikamwona mwenye maringo.

Jioni gari lilimchukua rubani, pamoja na Kiswahili chake. Kesho yake nikawa Afande tena.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponiambia kwamba, miaka wanajeshi walipotawala, mume wa Mama Nambozo aliitwa mlangoni kwa Kiswahili, akatoka, asirudi. Lugha niliyobembelezewa mimi, yeye aliijua hivyo. Sasa namwona akivuka lile shamba tupu, jembe amelikumbatia kifuani, akiifuata sauti kama ile iliyomchukua mumewe. Nami nimesimama mbele yake, Kigisu chote kimenitoka, nampigia kelele kwa Kiswahili: "Haraka, mama! Haraka!"