Shida ya Rafiki Yangu

Kwa miaka mitatu nilikana, sasa nakiri: mkojo hunitoka nikikohoa, nikicheka, na hata nikiwa kitandani na mume wangu. Nimezaa watoto wanne. Anayetaka kucheka acheke. Mimi ndiye nisiyeweza.

Msomi mzima wa chuo kikuu, tena mwalimu, badala ya kusema nikahamia kwenye mkeka sebuleni. Baba Jillo nilimwambia ni joto la Garsen. Mvua zikaja, kukapoa, nikasingizia mgongo. Naye akaamua mwenyewe kwamba mkewe hamtaki tena. Kumbe nilimtaka sana, ila niliogopa kumlowesha.

Nesi wa zahanati ndiye pekee niliyemweleza, tena nikasema ni shida ya rafiki yangu.

Jumamosi Baba Jillo akafunga begi. "Nahamia shambani Hewani," akasema. "Huko hakuna anayenikimbia."

Nilikuwa natumbua kambare, mikono imejaa utelezi. Simu ikaita. Nikamwomba aniwekee spika kabla hajaondoka.

"Mwalimu, yule rafiki yako anayevuja akiwa na mumewe," nesi akasema, "mwambie si aibu, na asilale mbali naye. Misuli inayoshika kibofu hukazwa kwa mazoezi. Aje Jumatano nimpime, nimfundishe."

Baba Jillo akanitazama, akatazama ule mkeka. Kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Sista, rafiki yake ninaye hapa," akasema. "Jumatano nitamleta mwenyewe."