Tembo Walivyovuka Ruaha

Miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, mume wangu alikuwa mpishi wa kambi ya wageni kando ya Mto Ruaha Mkuu, mwendo wa siku nzima kwa lori kutoka Iringa mjini. Kambi yenyewe ilikuwa nyumba nne za udongo zilizoezekwa nyasi, na jiko la nje. Wakati wa kiangazi walikuja Wazungu kuangalia wanyama kwa darubini. Masika ilipoharibu barabara tulibaki watu wanne tu: sisi wawili, askari wa nyama aliyelinda wanyamapori, ambaye alikuwa Msangu mtu mzima mwenye bunduki, na mkewe.

Masika ya mwaka wangu wa kwanza pale nilijifungua mtoto wa kike, mkono wa mke wa yule askari ukinipokelea. Mama yangu, huko kwetu milimani, alipata habari wiki kadhaa baadaye. Lori la kwanza lilipoweza kupita, yeye alikuwa ndani yake, amekaa juu ya gunia la mahindi na kuku mmoja mapajani.

Alishuka, akatazama nyani waliokaa juu ya paa la jiko letu, akatazama msitu ulioanza hatua chache nyuma ya nyumba. Hakunisalimu kwanza.

"Umezaa porini kama swala," akasema.

Kisha akamchukua mtoto, akamfungua nguo zote, akamkagua vidole vya mikono na miguu. Aliporidhika ndipo akanisalimu, akalia kidogo.

Jioni ile alitoa uamuzi. Lori lingerudi baada ya wiki moja, na siku hiyo angeondoka nami na mtoto. Mume wangu alisikia kila neno, lakini kwetu mkwe hazungumzi na mkwewe uso kwa uso, kwa hiyo alisimama nyuma ya ukuta wa jiko akasema, "Mwambie mama kwamba hapa tuko salama."

"Mwambie mumeo," mama akajibu kwa sauti iliyovuka ukuta bila msaada wangu, "kwamba simba hajui neno salama."

Siku ya nne asubuhi mimi na mama tulikwenda kufua nepi mtoni, askari akitusindikiza. Maji yalikuwa bado mengi, ya rangi ya udongo, yakienda kwa nguvu. Kwa sababu ya mamba hatukugusa ukingo. Askari alichota maji kwa ndoo ya kamba, sisi tukafulia juu ya jabali pana. Mama alikuwa na mtoto mgongoni, amefungwa mbeleko.

Askari ndiye aliyeinua mkono kwanza. "Kaeni chini," alinong'ona. "Msikimbie. Upepo unatoka kwao kuja kwetu."

Ng'ambo ya mto, kutoka kwenye migunga, tembo walikuwa wakiteremka. Nilikuwa nimeshawaona mara nyingi, lakini kwa mbali, mmoja hapa, wawili pale. Hawa walikuwa ishirini au zaidi, na walikuja kimya hata nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye nepi iliyokuwa mkononi mwangu. Mbele alikuwa jike mkubwa mwenye pembe moja iliyovunjika. Alisimama ukingoni akaonja maji kwa mkonga, akakaa hivyo kitambo, halafu akaingia.

Wengine wakamfuata. Miongoni mwao alikuwapo ndama mdogo sana, mwekundu wa manyoya, ambaye mkonga wake ulikuwa bado unamsumbua. Aliukanyaga mara mbili kabla hajafika majini. Walipofika katikati, mto ukamwinua. Niliona miguu yake ikipinduka, kisha sikumwona tena.

Mama alinishika mkono akaniumiza.

Tembo hawakupiga kelele hata kidogo. Majike wawili walishuka upande maji yanakoelekea wakasimama ubavu kwa ubavu, na ndama akagota kwenye miguu yao. Wa tatu akajiweka upande wa juu, maji yakampiga yeye. Mama yake akazamisha mkonga, akamwinua mpaka kichwa chake kikatokea, kinywa wazi. Wakaanza kutembea hivyo, wote wanne pamoja, polepole, naye katikati yao kama yuko chumbani.

Upande wetu ukingo ulikuwa mrefu, wa udongo utelezao. Ndama alijaribu kupanda akaanguka, akajaribu tena. Ndipo yule jike wa pembe iliyovunjika akarudi, akapiga magoti, akaubomoa udongo kwa miguu ya mbele na kwa pembe yake nzima mpaka pakawa na mteremko. Ndama akasukumwa kwa nyuma, akapanda. Akasimama pale juu akitetemeka, hatua kama thelathini kutoka kwetu.

Mtoto wangu akalia.

Jike mkubwa aligeuka. Masikio yake yalifunguka, na mkonga ukainuka kututafuta. Askari alikuwa ameshaelekeza bunduki, lakini kidole hakikuwa kwenye kifyatulio.

"Mnyonyeshe," akasema bila kugeuza kichwa. "Sasa hivi."

Mama alifungua mbeleko. Nilimpokea mtoto nikampa ziwa. Alilikataa, akalia zaidi, kisha akalipata akanyamaza. Jike alikuja hatua tatu, nne. Niliona kope zake, ndefu, zimeshika matope. Kutoka kwake ulitoka mngurumo mzito ambao niliusikia kifuani kuliko masikioni. Sijui alitutazama kwa muda gani. Sikuwa na hofu tena, na mpaka leo sijui kwa nini. Nilihisi udogo wangu wote, wala haukunitia uchungu.

Akashusha mkonga, akageuka, akawafuata wenzake. Msitu ukawafunika wote, na ndani ya dakika chache ungedhani hakuna aliyepita, isipokuwa ule mteremko uliochimbwa.

Mama hakuinuka.

"Nimezaa watoto saba nikazika wawili," akasema. "Sijawahi kuona mtu akishikiliwa na ndugu zake namna ile."

Jioni alizungumza na ukuta wa jiko. "Mwambie mumeo simchukui mke wake. Lakini mtoni haendi bila mtu wa bunduki."

"Mwambie mama nimesikia," ukuta ukajibu, na niliitambua furaha katika sauti ile.

Lori lilipokuja liliondoka bila yeye. Alikaa hadi mwezi uliofuata, na kila alasiri alikwenda kuketi kwenye kigoda mahali ukingo unapoinuka. Twiga walikuja kunywa wakipanua miguu, tandala walikuja, pundamilia walikuja kwa mashaka. Mara moja nilimkuta mama amevua kitambaa cha kichwa na kukiweka magotini, kama wanaume wanavyovua kofia wakiingia kanisani.

Aliporudi kwetu aliwasimulia wanawake wenzake wa usharika habari ya ndama yule. Walimcheka, wakasema mzee ameugua homa ya bondeni. Alinitumia barua, iliyoandikwa na mwalimu wa shule, akinitaka nije kushuhudia. Nilipokwenda mwaka uliofuata nilisimama mbele yao, mtoto akitambaa miguuni pangu, nikawaambia ni kweli yote, na kwamba mama hakuongeza kitu, alikuwa amepunguza.