Uzi Niliomfungia Paka Wangu

Bado nina hasira na yule mwenye agroveti, duka la dawa za mifugo, na sitaki mtu anishike bega aniambie niiachilie.

Paka wangu ana miaka kumi na mitatu. Nilihama naye kutoka kwa wazazi wangu Cheptiret nilipokuja Eldoret kuanza ushonaji, akiwa ndani ya kikapu cha kubebea kuku, akinilalamikia njia nzima. Ushonaji sikuusomea popote. Nilijifunza kwa video za simu, nikifumua na kushona upya mpaka mshono ukanyooka. Hiyo ndiyo tabia yangu. Mteja akisema nguo iko sawa, mimi naona mahali ambapo haiko sawa, nafumua tena.

Uvimbe niliupata Jumapili moja mchana nikimkuna tumbo. Ulikuwa karibu na chuchu ya nyuma, mgumu, mdogo kama punje ya mahindi. Mtu mwingine angempeleka kwa daktari Jumatatu. Mimi nilichukua tepu yangu ya kupimia, nikaupima. Kisha nikanunua daftari jipya, nikachora mistari kwa rula, nikawa naandika kila asubuhi urefu, upana na hali ya ngozi. Nilisoma mtandaoni kila nilichopata juu ya uvimbe wa paka. Niliogopa kwamba nikienda kwa daktari bila maelezo kamili nitaonekana mjinga. Baada ya wiki tatu nilikuwa na kurasa zilizoandikwa safi kabisa, na uvimbe mkubwa kuliko haragwe. Naandika haya kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hata nilipoamua kutafuta msaada, nilienda mahali pa karibu: agroveti ya mtaani kwetu, ambayo mwenyewe huitwa "Daktari" na kila mtu. Nilidhani jina hilo alilisomea. Nilimkuta akimuuzia mzee mmoja dawa ya kupe. Nilipofungua kikapu, mzee alicheka.

"Msichana, hata paka siku hizi anapelekwa kwa daktari?"

"Wacha amlete, Mzee. Huyu ndiye mtoto wake," mwenye duka akasema. Akabonyeza tumbo la paka kwa kidole kimoja. Miwani yake ilikuwa juu ya kichwa, na ilibaki huko huko. "Hii ni chunjua tu. Ng'ombe akipata hii kwa chuchu huwa tunafanya nini, Mzee?"

"Unafunga na uzi. Inakauka, inaanguka yenyewe."

"Umesikia? Ama kwenu hamkuwa na ng'ombe?"

Tulikuwa nao. Baba yangu alizifunga chunjua za ng'ombe kwa unywele wa mkia, na zilianguka kweli, nikiona kwa macho yangu. Hapo ndipo niliponaswa. Kitu nilichokijua tangu utotoni kilikuwa kimethibitishwa na mtu anayeitwa Daktari.

"Lakini hii ni ngumu kwa ndani," nikasema.

"Mnyama ni mnyama. We kaza tu."

Nilikaza. Nilichagua uzi wa nailoni wa kushonea vifungo, nikauchemsha, nikafunga fundo ambalo ningejivunia kwenye suti ya bwana harusi. Paka alilia mara moja, kisha akanyamaza akiniangalia. Siku ya tano aliacha kula. Siku ya nane ngozi ilikuwa nyeusi na kulikuwa na harufu. Nilimfunga kwa leso nikampeleka kwa daktari wa wanyama aliye upande wa Chepkoilel, mwanamke ambaye kazi yake ameisomea.

Aliuangalia ule uzi na fundo lake.

"Nani alifunga hii?"

"Watoto wa jirani," nikasema.

"Watoto hawafungi hivi."

Alikata uzi, akasafisha kidonda, akachukua kipande cha nyama cha kupima, akapiga picha ya kifua. Majibu yalipotoka aliniita, akaketi kando yangu. Haikuwa chunjua. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Nilimpa daftari langu. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Ungemleta siku hii," akasema, "pengine ningekuwa na maneno mengine ya kukwambia."

Kilichobaki ni dawa ya maumivu na miezi michache. Nikianza kugawa lawama, fungu langu ni kubwa, najua. Ndiyo maana sikumsamehe yule mwenye duka. Nikimsamehe yeye, nabaki peke yangu.

Wiki mbili baadaye alikuja kibandani kwangu, ninakoshonea, kwa miguu yake, na kitambaa cheupe begani.

"Fundi! Ule paka alipona?"

"Anaendelea."

"Si nilikwambia! Sasa nishonee koti ya kazi. Hapa kwa mfuko uandike 'Daktari', herufi kubwa, uzi wa kijani."

Sijawahi kushona koti zuri kama lile. Mabega yalikaa, pindo halikuwa na wimbi hata moja. Kwenye mfuko nikatarizi, kwa herufi kubwa na uzi wa kijani kama alivyotaka: MUUZA DAWA. Herufi ya Z niliirudia mara tatu mpaka pembe zake zikalingana. Nikampelekea dukani Jumamosi saa sita, kukiwa kumejaa wateja.

Alilivaa papo hapo bila kulikagua. Mama mmoja aliyeegemea kaunta akasoma kwa sauti, "Muuza dawa," na duka zima likaangua kicheko.

"Fundi, umekosea hapa."

"Niletee cheti cha chuo. Nitashona chochote kilichoandikwa humo."

Niliingoja dakika hiyo kwa siku nyingi, nayo ikapita kama chafya. Yule mama alipangusa machozi ya kicheko, akasema, "Haya basi, muuza dawa, mbuzi wangu amevimba kwa shingo. Nimpe nini?" Naye, bila kumwona huyo mbuzi, akageukia rafu, akashusha chupa.

Koti langu halikuwa limebadilisha kitu. Lilikuwepo jambo moja tu la kumuumiza, na lingeniumiza mimi kwanza.

"Mama," nikasema, "huyu aliniambia nifunge uvimbe wa paka wangu na uzi. Nikaufunga kwa mikono hii. Kumbe ni saratani. Sasa paka anakufa, na daktari wa wanyama aliponiuliza nikasingizia watoto."

Nilimwelekeza mpaka kwa yule daktari wa Chepkoilel: barabara, mahali pa kukata kona, rangi ya lango. Mama alinitazama, akaisukuma chupa irudi upande wa pili wa kaunta.

"Pole, mwanangu," akasema, akatoka.

"Unaniharibia kazi," mwenye duka akaniambia kwa sauti ya chini.

"Ndiyo," nikamjibu. Kisha nikamgeukia mwanamume aliyefuata kwenye foleni. "Na wewe, kaka, mnyama wako ana nini?"