Alt ya Kulia na Orodha ya Mahujaji

Kompyuta yangu ilitumika Ujerumani kabla ya kufika Mwanakwerekwe nilikoinunua, na kibodi yake ni ya huko huko. Ukitaka @ lazima ushike Alt ya kulia pamoja na Q. Mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu ni kutoka kitandani mpaka sebuleni. Ndiyo maana kikundi cha hijja cha mtaani kilinipa kazi ya kuchapa orodha yao. Walijua watanikuta.

Programu ya orodha iliandikwa kwa kompyuta za aina nyengine, kwa hivyo kwangu hupitia programu ya katikati, kama mkalimani. Na orodha haihifadhiki mpaka mwisho kabisa ujaze anwani ya barua pepe ya kikundi. Siku hiyo kila nikibonyeza @, dirisha linafunga na mahujaji wote wanapotea. Mara mbili. Orodha ilitakiwa kabla ya alasiri, na mama yangu, aliyesubiri zamu yake miaka, alikuwa ndani yake.

Nikachapa mara ya tatu, pasipoti kwa pasipoti. Nilipofika kwenye barua pepe, vidole vikakataa. Nikampigia fundi aliyeniuzia.

"Huyo mkalimani wako Alt ya kulia anaisikia kama Ctrl," alisema. "Na Ctrl na Q ndiyo kufunga. Shika Ctrl na Alt za kushoto, zote mbili, halafu Q. Ila Alt ikikuponyoka, imefunga tena."

Mama alikuwa nyuma yangu na tasbihi. "Anasemaje?"

"Nitumie mkono wa kushoto."

"Majina ya mahujaji, kwa kushoto?"

Mkono huo aliuachisha kazi mwenyewe nikiwa mdogo, kwa vibao, na aliuachisha kweli: mpaka leo nachapa kwa mmoja, mwengine umelala mapajani.

"Nshachapa mara tatu, mama."

"Basi bismillahi. Ukinikosesha Makka, utanipeleka umenibeba mgongoni."

Mwenye akili angejaribu kwanza kwenye fomu tupu. Mimi nilifumba macho. Kidole kikateleza ukingoni mwa Alt, nikakikaza mpaka kikauma, nikagonga Q.

Sikufumbua.

"Kumetoka kikonokono," alisema mama. Nikafumbua: @, na dirisha bado liko wazi.

Nikanyanyua mikono yote juu, naogopa hata kugusa kipanya. "Hifadhi wewe, mama."

Akaweka tasbihi chini, akabonyeza. Kwa kulia.