Kibodi ya Neema nimeianika na kahawa

Nimeiua kibodi ya mjukuu wangu. Msianze kucheka humu kwenye kundi.

Ni ile ya waya, nyembamba kama kibao cha kukatia mboga. Vitufe vya kompyuta yake vilishakufa, anaandikia hii tu. Na kazi yake ya chuo inatakiwa leo jioni. Isipofika, anarudia mwaka.

Asubuhi niliikuta imemwagikiwa maziwa, inanata. Mimi uchafu siuwezi! Nikaiosha kwa sabuni, nikaianika kichanjani katikati ya kahawa. Jua lilikuwa zuri kweli.

Neema kachomeka waya. Kimya. Kabonyeza vitufe vyote. Kimya.

Nikamwambia, "Kitu gani hicho kisichooshwa? Hata wewe nilikuosha!"

Nilitaka anijibu. Huyu hubishana na mimi mpaka majirani wanasikia.

Leo kasema tu, "Sawa, bibi." Kaenda kichanjani, anachambua punje mbovu.

Mwenye kibodi ya waya, kuanzia huku Kibosho mpaka Soweto ya mjini, ailete sasa hivi. Ukishaileta, cheka utakavyo.

Bado anachambua. Hata kunigombeza hataki.