Koti la Mabega Yanayokuja

Juzi nilikuwa kwa fundi cherehani wangu, nikingoja anishonee kifungo cha koti, alipoingia karani mmoja wa mgodi na kitambaa cha abacost, lile koti letu la kitaifa lisilovaliwa na tai.

"Tata, hapa unishonee mupana," akasema, akijipiga mabega. Kisha akakishika kitambi kwa mikono miwili, kama anayemtoa mgeni mlangoni. "Hapa, punguza sana."

Fundi akautazama utepe wake wa kupimia. "Mabega iko wapi, citoyen?"

"Iko inakuya. Mi nilianza kubeba bichuma. Leo siku ya ine."

"Na unakula nini?"

"Bukari mingi," akasema, akifinyanga tonge la ugali hewani, "asubui na mangaribi. Njo inaleta nguvu. Maharagi na samaki naachia batoto, ile ni mboga tu."

Fundi huyu alibeba magunia pale gare, kwenye stesheni ya treni, miaka kumi kabla ya kushika sindano, na mikono yake bado inajaza shati. Akatikisa kichwa.

"Bukari yako inajenga fasi moja tu, na ile fasi njo unaniomba nipunguze. Kula maharagi, kula samaki, ngoja mwaka. Koti haiwezi kuleta mabega."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nchi nzima tumejishonea makoti ya miili tuliyoahidiwa, nikajisemea, na sentensi hiyo nikaihifadhi kwa ajili ya safu hii ya gazeti.

Fundi akanigeukia. "Na weye, tata wa gazeti, unacheka nini? Mwaka ile nilikushonea hii koti, uliniomba niachie mabega nafasi. Leo kifungo gani ilikatika?"

Kilikuwa cha tumboni.